Kufungua duka la vyakula kijijini kwa mkopo wa halmashauri wa asilimia 10: mwongozo kwa sisi wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania

Kila wiki napata mesenji zilezile. "Dada, hiyo mikopo ya halmashauri inapatikanaje?" "Dada, kijijini kwetu hakuna duka la maana, mtu akitaka mchele kilo mbili na mafuta nusu lita inabidi ashuke mpaka mjini, tunaweza kufungua letu?" "Dada, hela inatoka kweli au ni maneno ya kampeni?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii usione nakuringia.

Mi ni mtunza hazina wa kikundi cha wanawake upande wa Umalila, Mbeya, kule juu kwenye baridi, viazi na pareto. Tupo saba. Duka letu linaenda, lakini tulikaribia kulizika miezi minne tu baada ya kufungua, na nitasema kwa nini. Sio afisa mimi, sio mtaalamu wa benki, naongea kama mtu aliyepanga foleni ya stesheneri na katiba ya kikundi kwenye mfuko wa rambo, enzi zile rambo bado zipo.

Mkopo wenyewe ni upi? Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa iliongezewa kifungu cha 37A mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ikopeshe wananchi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba, unarudisha kile ulichochukua. Aprili 2023 serikali iliusimamisha, maana ripoti za ukaguzi zilikuwa zimejaa vikundi hewa na madeni yasiyorudi, halafu ukarudi 2024 na kanuni mpya. Ndo maana siku hizi wanakukagua mpaka unahisi kama umeiba, usikasirike, waliotutangulia ndo wametuletea.

Na kama we ni mwanaume umeshavuka umri wa vijana na huna ulemavu, dirisha hili sio lako, nenda kwenye vyama na vikundi vya kuweka na kukopa (SACCOS au VICOBA), usipoteze nauli.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Watu wa kikundi wasiopungua watano kwa wanawake au vijana. Wenye ulemavu wana utaratibu wao mwepesi zaidi wa idadi, waulizie kata. Vijana ulizieni na kikomo cha umri kabla hamjaandikana majina.
- Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ya kila mmoja. Sio "nimeshaomba naisubiri", namba yenyewe. Sisi tulisubiri mwenzetu mmoja kwa sababu NIDA ilisema Neema na cheti cha kuzaliwa kinasema Nehema.
- Simu moja inayotumika na laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanakikundi, sio la mume wa mtu.
- Hela kidogo ya kwenu wenyewe. Ya kuchapa, nauli, kufungua akaunti, na ya kuonyesha kwamba mnaweka akiba.
- Daftari kubwa la mistari, mawili. Moja la vikao moja la hela. Msichanganye.
- Subira. Nyingi.

Hatua ya 1: Hesabu nyumba kabla ya kuhesabu hela

Watu wanaanza na "tuombe milioni ngapi". Anza na jirani. Pita nyumba kama thelathini, uliza tatu tu: wiki iliyopita ulinunua nini nje ya kijiji, kiasi gani, na nauli uliacha ngapi? Andika. Usiulize "je tukifungua duka utanunua", kila mtu atakujibu ndio mama, na siku ukifungua humuoni.

Sisi tulidhani watu wanataka mchele. Kumbe mchele wananunua sikukuu na kwenye shughuli, kitu kinachowashusha mjini Mbalizi kila wiki ni sukari, mafuta, chumvi, sabuni na dagaa. Unga wanasaga wenyewe mpaka mahindi yaishe ndani, na yakiisha (kwetu ni Januari hivi) ndo wanaanza kutafuta sembe. Bila kupita nyumba kwa nyumba tungejaza magunia ya mchele tukakaa tunayaangalia.

Kama kuna Mangi (mwenye duka) tayari ana kila kitu na bei yake nzuri, acha. Tafuta kitongoji kingine.

Hatua ya 2: Tengeneza kikundi cha watu, sio cha majina

Kosa la kwanza na linaloua vikundi vingi: kumuweka shangazi, binti yake na mkwe ili idadi itimie, wakati kazi anafanya mtu mmoja. Afisa akija kutembelea anamuuliza mmojammoja "kikundi chenu kinafanya nini?" na shangazi anajibu "mi niliambiwa nije na kitambulisho". Basi, mmeishia hapo.

Kaeni kikao, mchague mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Andikeni katiba: nani anaingia, akitoka hela yake inakuwaje, nani anasaini benki, asiyehudhuria anatozwa nini, na mtu akifariki deni linabebwa vipi. Hiyo ya mwisho watu wanaogopa kuiandika wanaona kama uchuro, iandikeni. Anzeni na kuchangishana kila wiki hata elfu mbili mbili kabla ya kuomba chochote, mtu ambaye elfu mbili inamshinda sasa hivi msitegemee atakumbuka marejesho.

Hatua ya 3: Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata

Huyu ndo mlango. Sio diwani, sio mjumbe, sio kijana wa mjini anayesema ana mtu halmashauri. Mpitie Mtendaji wa Kijiji mpate barua ya utambulisho, halafu mwende kwa Afisa Maendeleo wa kata na katiba, muhtasari wa kikao wenye saini za wote, na orodha ya wanachama na NIDA zao. Atawaongoza kusajili kikundi, na maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Mwulizeni pia dirisha la maombi linafunguliwa lini, usikute mmejiandaa vizuri na dirisha limefungwa juzi.

Onyo: mtu akikuomba "hela ya kusukuma faili", usitoe. Unapotoa chai unakuwa umeanza biashara na deni ambalo haliko kwenye daftari.

Alafu akaunti ya benki ya jina la kikundi, wasaini wawe watatu, na kadi ya ATM msichukue. Najua inasumbua kushuka watu watatu mjini kutoa hela. Inasumbua makusudi.

Hatua ya 4: Mpango wa biashara, na hapa ndo nataka utulie

Karatasi nyingi za mpango wa biashara zinazopita mikononi mwangu zimenakiliwa, utakuta duka la Umalila limeandikiwa samaki wa Mwanza. Usinakili. Kaa na peni.

Tuseme (namba zangu za mfano, weka zako) mnaomba milioni 6 mrudishe kwa miezi 18. Hiyo ni kama 333,000 kila mwezi. Sasa duka linauza 100,000 kwa siku, siku 26, mauzo 2,600,000. Duka la vyakula faida yake ni ndogo, tuseme kwenye kila 100 unabaki na 12 kabla ya matumizi. Unapata 312,000. Toa pango la fremu (chumba cha duka) 30,000, umeme 10,000, muuzaji 80,000, usafiri wa mzigo 60,000. Umebaki na 132,000.

Umeona? Marejesho 333,000, mfukoni 132,000. Mkopo hauna riba lakini bado unawanyonga. Watu wanaona mauzo milioni mbili na nusu wanasema duka linalipa. Mauzo sio hela yako, ni ya mzigo unaofuata.

Sasa punguza. Ombeni 2,400,000 kwa miezi 24, ni 100,000 kwa mwezi. Inaingia. Lakini subiri, hiyo ilikuwa mwezi wa kawaida, na huku kwetu hakuna mwaka wenye miezi ya kawaida kumi na mbili. Mavuno yakitoka kuanzia Mei watu wana hela, mnaweza kuuza 150,000 kwa siku. Januari mpaka Machi hela yote imeenda kwenye mbolea na ada za shule, mnauza 60,000. Piga hesabu ya Januari: mauzo 1,560,000, faida 187,200, toa fremu, umeme, muuzaji, na usafiri tuseme umeshuka mpaka 40,000 kwa kuwa mzigo ni kidogo. Mnabaki na 27,200. Marejesho 100,000. Mmepungukiwa 72,800 mwezi huo, miezi mitatu ni 218,400.

Mwezi mzuri wa mavuno mnapata faida 468,000, matumizi 200,000 (usafiri umepanda), mnabaki 268,000, mkilipa 100,000 inabaki 168,000. Kwa hiyo miezi miwili ya mavuno inabeba Januari, Februari na Machi, ila tu kama hamkugawana. Na hapo sijaweka kodi. Mkishakadiriwa na TRA (mamlaka ya mapato), chukua kiasi cha mwaka gawa kwa 12 ukiongeze kwenye matumizi, utaona mkopo unatakiwa upungue tena.

Andikeni mpango wenu kwa mwezi mbaya. Kamati ikiona mmeandika Januari peke yake na mavuno peke yake inajua hawa wamekaa chini, maana wengi wanaandika mwaka mzima kama Juni.

Hatua ya 5: Kukaguliwa

Watakuja kuwaona, maombi yatapita kata yataenda halmashauri. Kazi yenu ni kupatikana kwenye simu na kujibu kitu kimoja wote. Fanyeni mazoezi, bila utani, ulizaneni: tunaomba ngapi, kwa ajili gani, tutarudisha vipi? Ikipita mwezi kimya mpigieni afisa kwa heshima, sio kila siku.

Hatua ya 6: Wakati mnasubiri

Tafuteni fremu lakini msilipe mwaka mzima kwa hela ya kukopa kwa mtu mkitegemea mkopo utatoka wiki ijayo. Ombeni mwenye fremu awashikie. Iwe njia panda au karibu na kisima au zahanati, sio nyuma ya nyumba ya mwenyekiti kwa sababu ni bure. Sakafu iwe ya saruji, mvua za huku zinaanza Novemba mpaka Aprili na gunia la sukari likikaa kwenye udongo linavuta unyevu linakuwa jiwe. Wekeni mbao au chaga chini.

TIN (namba ya mlipakodi) ni bure, ukiambiwa ulipie TIN mtu anakula hela yako. Leseni ya biashara ni ya halmashauri, siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tausi. Bwana afya atataka kuona usafi na choo. Mizani inunuliwe yenye chapa ya Wakala wa Vipimo, inakaguliwa kila mwaka, usinunue ile ya sokoni ya kutundika isiyojulikana ilikotoka. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo zile rambo zangu za stesheneri ni historia.

Hatua ya 7: Hela imeingia

Someni mkataba wote, kwa sauti, kwa wote. Marejesho yanaanza mwezi gani? Kila mwezi tarehe ngapi? Kiasi gani? Halafu msigawane. Narudia, MSIGAWANE. Kuna vikundi hela ikiingia wanagawana laki tatu tatu "kila mtu azungushe mwenyewe atarudisha", mmoja ananunua mabati, mmoja anamtibu mtoto, na deni ni la kikundi kizima. Hela imeombwa kwa ajili ya duka, inakwenda dukani.

Msitoe yote siku moja. Sisi tulitoa nusu, nusu ikabaki benki, na hiyo nusu ndo ilituokoa baadaye.

Hatua ya 8: Mzigo wa kwanza

Nunueni vinavyoisha ndani ya wiki mbili. Sukari, chumvi, mafuta ya kupikia, dagaa, sabuni ya kipande, viberiti, majani ya chai, maharage kidogo, ngano. Mambo ya biskuti za rangi na juisi yasubiri. Mzigo wa Mbeya tunachukua Mwanjelwa au Mbalizi, wa Iringa mna Mashine Tatu, wa Njombe mnajua Makambako. Piga simu maduka ya jumla matatu kabla hujatoka nyumbani, bei ya sukari inaweza kutofautiana mtaa na mtaa.

Pima mbele yao. Sisi duka moja la jumla lilituuzia gunia la sukari lililolowa chini, tukagundua tumeshafika juu, na kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) kimeshaondoka. Fungua gunia, ingiza mkono mpaka chini, usione aibu.

Na jua hili: gunia la kilo 50 ukiliuza robo robo hupati kilo 50. Inamwagika, mizani inainamia upande wa mteja, mtoto wa jirani anaongezewa kidogo. Weka pungufu ya kilo moja kwenye bei yako tangu mwanzo.

Shida yetu kubwa ni kwamba tunanunua kidogo kwa hiyo tunapewa bei mbaya, na usafiri juu. Sio ya kwetu tu hii. Marekani jimbo la Pennsylvania lilianzisha mfuko 2004, jimbo likaweka dola milioni 30 kusaidia maduka ya vyakula yafunguke sehemu zisizo na maduka. Kule Florida mji mdogo wa Baldwin ulibaki bila duka la vyakula, serikali ya mji ikafungua lake 2019, na 2024 likafungwa. Wale wana lami mpaka mlangoni. Kwa hiyo dawa ninayoijua ni kuungana: sisi tunaagiza pamoja na maduka mawili ya vijiji vya jirani, kirikuu kimoja, nauli tunagawana, na gunia kumi zina bei tofauti na gunia mbili.

Hatua ya 9: Daftari, na ule mwezi wa nne wa duka

Kila jioni funga mahesabu: hela iliyopo, iliyouzwa, iliyotumika, ya simu. Mkiwa na lipa namba andikeni pembeni, hela ya kwenye simu ndo inayopotea kimyakimya.

Sasa madeni. Huku wote ni ndugu. Mtu anakuja "mama fulani naomba sukari nusu, nitaleta tukivuna viazi". Utamkatalia vipi, na yeye ndo kasimamia ubatizo wa mwanao? Tukawa tunaandika. Mwezi wa nne tangu tufungue tukajumlisha daftari: watu walikuwa wameshikilia karibu theluthi ya mtaji wetu. Rafu ziko wazi, marejesho yamefika, na kila mdaiwa tunamwamkia shikamoo njiani.

Tulichofanya: kikao kikatoa sheria, deni mwisho elfu tano kwa nyumba, halitolewi jipya kama la zamani halijaisha, na anayekataa sio muuzaji ni "kikundi". Tukabandika karatasi mlangoni. Wakatununia wiki mbili, wakarudi, maana nauli ya kushuka mjini inazidi hiyo sukari. Na wanakikundi wenyewe hawakopi kabisa, hao ndo waliokuwa wanaongoza.

Hatua ya 10: Marejesho

Lipeni kwa kontroo namba mtakayopewa na halmashauri, sio mkononi kwa mtu yeyote hata akiwa na kitambulisho shingoni. Risiti mpige picha na karatasi muhifadhi. Mwezi wa mavuno ukiweza lipa miezi miwili mbele, hakuna atakayekukataza.

Mkikwama

*Maombi yamekataliwa.* Ulizeni sababu, mwandike. Mara nyingi ni NIDA ya mtu mmoja, katiba haina saini zote, au mpango umeandika kitu kingine na mdomo umesema kingine. Rekebisheni mrudi dirisha linalofuata.

*Wametoa pungufu ya tulichoomba.* Msikopee pengo kwa wale wa riba ya mtaani. Punguzeni bidhaa, anzeni na tano.

*Mwanachama anataka kutoka na "hela yake".* Fungua katiba. Kama hamkuandika, andikeni leo kabla hajalipwa chochote, na mpelekeeni taarifa Afisa Maendeleo ili jina libadilishwe rasmi.

*Mauzo yapo ila hela haionekani.* Hesabuni mzigo wote usiku mmoja mlango umefungwa, wote mkiwepo. Mkipata pungufu angalieni vitu vitatu kwa mpangilio huu: madeni yasiyoandikwa, mizani, halafu mtu. Watu wanaanza na mtu na wanavunja kikundi bure.

*Barabara imekatika mvua.* Kuanzia Oktoba wekeni akiba ya chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya wiki nne, haviozi. Dagaa msiweke wengi, kwa unyevu wa huku wanaota ukungu.

*Marejesho ya mwezi huu hayapo.* Nendeni wenyewe ofisini kabla ya tarehe, mkiwa na daftari la mauzo mkononi, mlipe hata nusu. Msizime simu. Ukizima simu faili lenu linahamia kwenye rundo la wale wa vikundi hewa, na kulitoa huko ni safari nyingine kabisa.